L ya Lumonde

Ti. Ti. Kimya kidogo, kisha ti tena.

Inspekta Okeny alifumbua macho gizani akajua ni mkewe, Aloyo, anachambua maharage kwenye sinia la bati. Kambi ya polisi ya Nsambya ilikuwa bado imelala. Aloyo alikuwa ameweka kibatari chini ya meza ili mwanga usimwamshe mumewe, lakini mlio wa bati haufichiki chini ya meza.

"Mawe ya siku hizi yamejifunza," Aloyo alisema bila kugeuka. "Yana rangi ya maharage yenyewe."

"Unayatoaje basi, na taa iko miguuni?"

"Kwa sikio. Haragwe likianguka linatoa mlio wa *tu*. Jiwe linasema ti. Jicho linadanganywa, sikio halidanganywi."

Okeny alivaa, akaja mezani. Palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba, bado cha moto. Ndani mlikuwa na muhogo wa kuchemsha na kikopo cha odii, rojo zito la ufuta na karanga ambalo watu wa kaskazini hawaoni utamu wa muhogo bila hilo.

"Leo umenifungia vingi."

"Si chako. Ni cha yule mwalimu mliyemfungia Wandegeya. Mama yake yuko Kitgum. Nani mwingine atampelekea?"

"Nani kakwambia habari za mwalimu?"

"Kambi ina masikio, baba Amito. Wanasema ikifika saa sita wanajeshi wanakuja kumchukua."

Okeny hakubisha. Ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wake alimpa jalada jana jioni akamwambia maneno machache: taarifa iwe tayari kabla ya adhuhuri, kwa sababu adhuhuri Kapteni Anguzu anamchukua mtu wake. Mwaka ule watu waliochukuliwa hivyo hawakuwa wakirudi, na hakuna aliyeuliza kwa sauti walikopelekwa.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Bohari moja ya jeshi ilikuwa imefukia ardhini pipa jipya la petroli, refu na jembamba. Mashine ya hesabu, ile kompyuta ya chuo iliyokuwa kilimani juu ya Wandegeya, iliombwa kupiga hesabu ya kiasi ambacho pipa lingebeba. Jibu likatoka. Malori yakaletwa kwa jibu hilo, petroli ikamiminwa, na pipa likajaa kabla hata robo ya malori haijaisha. Petroli ikatiririka mtaroni hadi karibu na majiko ya wauza chapati. Mungu akasaidia, mama mmoja akainusa na kuwapigia wenzake kelele wazime makaa.

Jeshi lilisema ni hujuma. Na kabla ya bohari, aliyekuwa ameshika kadi za mashine ile, karatasi ngumu zenye vitundu vya hesabu, ni mtu mmoja tu, Mwalimu Onen, kijana Mwacholi anayefundisha hesabu na habari za nyota. Juu ya meza yake walikuta karatasi yenye jina lisilojulikana, Rijeli, na namba ndefu. Katika jalada mtu alikuwa ameandika: *jina la siri la adui.*

*

Katika kituo cha Wandegeya, Konstebo Ogutu, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alikuwa amelisogeza benchi la mahabusu mpaka mahali jua la asubuhi linapoingilia dirishani. Hakuna aliyemwagiza. Onen alikuwa amekaa hapo, viganja vimevimba, macho ameyafumba kuelekea jua.

Okeny alimpa kifurushi. Kijana aliposikia harufu ya odii alisema neno moja la shukrani kwa Kiacholi.

"Tuseme Kiswahili," Okeny alimkatiza. "Ogutu asikie kila neno. Sitaki mtu aje kusema tulinong'onezana lugha ya nyumbani."

"Sawa, Inspekta."

"Kula huku unajibu. Kadi ulizitoa wapi?"

"Maktaba."

"Wanajeshi walikwenda maktaba kuu ya chuo. Mkutubi akaapa kwamba hujaazima kitu tangu mvua za mwaka jana. Kwa hiyo wameandika kwamba umesema uongo."

Onen aliacha kutafuna. "Walipekua vitabu?"

"Rafu mbili nzima waliziangusha chini."

"Masikini mkutubi." Kijana alitikisa kichwa, na ilikuwa kama kutaka kucheka. "Inspekta, sisi wa mashine tukisema maktaba hatusemi vitabu. Ni kabati la chuma lenye droo. Kuna hesabu ambazo kila mtu anazihitaji. Mmoja akishaziandika vizuri, hakuna haja ya mwingine kuumiza kichwa. Anazitoboa kwenye kadi, anaweka kwenye droo. Mwenye shida anaazima, anazichomeka katikati ya kadi zake, mashine inasoma zote kama kazi moja. Akimaliza anarudisha."

"Kama kinu cha jirani."

"Hasa. Kinu kimoja, kila nyumba inatwanga."

"Na mchanga ukiingia kwenye kinu?"

Onen alimtazama. "Kila nyumba inakula mchanga," alisema polepole.

Okeny alitoa karatasi ya jalada. "Huyu Rijeli ni nani?"

"Ni nyota. Jina lake walilitoa Waarabu zamani. Nilitaka kujua joto lake. Nyota huwezi kuipelekea kipimajoto, lakini ukijua mambo yake mawili unalipata. La kwanza ni upana wake, kutoka moyoni hadi ukingoni. Tunaliandika kwa herufi R. La pili ni mwanga wake wote inaoutoa. Hilo ni L. Yote mawili tunayapima kwa kulinganisha na Jua. Jua lenyewe tunalipa moja na moja."

"Na hesabu ya joto ipo kabatini?"

"Ipo. Niliiazima."

"Ikakwambia nini?"

"Upuuzi. Rijeli ni nyota nyeupe inayoelekea buluu. Rangi hiyo peke yake inasema ina joto mara mbili ya Jua. Mashine ikaniambia ni baridi kuliko barafu. Nikasema wiki ijayo nitamwuliza Dawudi, mtunza kabati. Kabla haijafika wakanijia usiku."

Okeny aliikunja karatasi. Mtu anayetia mchanga kwenye kinu cha jirani hatwangi mtama wake humo humo. Lakini hilo ni wazo, si ushahidi, na Kapteni Anguzu hakuwa mtu wa mawazo.

"Hesabu ya pipa la petroli," aliuliza, "inakaa droo gani?"

"Ile ile ya nyota. Pipa nalo lina R yake, upana kutoka katikati, na L yake, urefu."

Ogutu alimsindikiza Okeny hadi mlangoni. "Afande, ule muhogo," alisema chini chini, "nitamwekea uliobaki. Kama atakuwepo."

*

Njia ya kupanda kilimani ilipita kwenye vibanda vya wapiga chapa, ambao walikuwa wameanza kugonga taipu zao za mitihani ya wanafunzi. Juu palikuwa na jengo refu lenye paa la mabati yaliyoota kutu. Ndani mlikuwa na baridi ya mashine na harufu ya karatasi.

Mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alinyanyuka. "Kalibu, afande. Mimi Dawudi. Habali ya mwalimu?"

"Amekula."

"Mungu asifiwe." Dawudi alifuta kiti kwa kiganja kabla ya kumkaribisha.

Karibu na dirisha, penye hewa nzuri kuliko pengine pote chumbani, alikaa mwanamke kijana mwenye kitambaa cha njano, mbele ya mashine ya kutoboa kadi. Aliinamisha kichwa kusalimu. "Jambo, papa. Miye Kavugho Bibiane." Alikuwa mkimbizi wa upande wa Kongo, na Okeny aliona jinsi mikono yake ilivyojificha chini ya meza mara tu alipoona sare. Aliona pia kwamba sakafu chini ya dirisha ilikuwa imebonyea, na mtu alikuwa amekunja kipande cha karatasi ngumu akakiweka chini ya mguu mmoja wa kiti chake kisiyumbe.

"Nani anaweza kufungua kabati?" Okeny alianza.

"Ni mimi tu. Ufunguo hautoki shingoni kwangu." Dawudi alivuta kamba kutoka ndani ya kanzu, akamwonyesha.

"Tangu mwaka huu uanze, kadi za droo ile ziliguswa lini?"

"Ni mvua, afande. Paa hiri linavuja. Maji yaliingia kwenye droo ya nyota na mapipa. Kadi nyingi zirikuwa salama, lakini zingine zimevimba, mashine haizitaki. Tukatoboa mpya."

"Na baada ya kutoboa?"

"Nikazipima. Mimi sirudishi kadi kwenye kabati bila kupima." Dawudi alijinyoosha kidogo. "Nikaweka pipa la mita moja kwa moja. Sawa sawa. Nikaweka Jua. Sawa kabisa. Nikafunga."

"Halafu nani aliazima?"

Dawudi alisita. "Mwalimu Onen, droo nzima. Kisha watu wa bohali."

Mashine ilinguruma. Okeny aliandika maneno hayo, na kila neno lilikuwa jiwe juu ya kijana wa Kitgum. Kadi zilikuwa nzuri. Akazishika Onen. Zikawa mbaya. Kapteni hangehitaji zaidi ya hapo.

"Afande," Dawudi alisema, "nimemuumiza?"

"Umesema ulichokiona. Nipe hizo kadi."

Dawudi alizileta kwa mikono miwili. Zilikuwa vifurushi viwili vyembamba, kimoja cha pipa, kimoja cha nyota. Okeny alizitandaza mezani moja moja. Nyingi zilikuwa zimegeuka manjano kwa umri. Katika kila kifurushi moja ilikuwa nyeupe.

"Hizi nyeupe ndizo mpya?"

"Ndiyo. Hii ya juu, ya zamani, ni ya kichwa. Inaambia mashine, kitakachokuja kwanza ni R, cha piri ni L. Hii nyeupe ni ya kazi. Ndiyo inayozidisha."

Okeny aliinua kadi nyeupe ya pipa kuelekea dirishani. Mwanga ulipenya kwenye vitundu. Juu ya ukingo mashine ilikuwa imechapa kwa wino hafifu kile ambacho vitundu vilisema. Hakuelewa hesabu ile, lakini herufi alizijua: L, tena L, kisha R.

"Pipa la mita moja kwa moja," alisema. "Kwa nini moja?"

"Ni rahisi, afande. Jibu linajulikana kichwani. Na Jua nalo ni moja kwa moja."

Okeny alitoa njiti mbili za kiberiti, akaziweka mezani sambamba. "Hii ni R. Hii ni L. Geuka nyuma kidogo."

Dawudi aligeuka. Okeny akazibadilisha mahali.

"Tazama sasa. Nimefanya nini?"

Dawudi aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa meza. "Siwezi kujua. Zinalingana."

"Moja na moja. Ukizibadilisha, nani atajua? Jua lisingekwambia. Pipa lako la mita moja lisingekwambia. Pipa la jeshi ni refu na jembamba, hilo ndilo lililosema. Na Rijeli." Alimgeuzia kadi nyeupe. "Nisomee hesabu ya pipa unavyoijua moyoni. Kipi kinazidishwa mara mbili, upana au urefu?"

"Upana. Ali mala ali, kisha..." Dawudi aliisogeza kadi karibu na miwani. Kidole chake kilikuwa juu ya herufi. "Hapa urefu umezidishwa mala mbiri." Akaishika ya nyota kwa haraka. "Na hapa vilevile. Zimegeuka, afande. Kadi hizi zirizaliwa mbovu."

Kitu kilianguka. Bibiane alikuwa amesimama, na kiti kimeenda chini.

"Ni miye," alisema. "Njo miye nilitoboa. Ni miye nimemuua mwalimu."

"Hapana," Dawudi alisema mara moja. "Yeye alitoboa nirichosoma. Niriyesoma ni mimi. Andika Dawudi, afande. Huyu ana mtoto, tena hana kwao."

"Papa, usimsikilize. Aliniambia vizuri. Masikio yangu mabaya."

Okeny aliwatazama wote wawili, kila mmoja akiivuta hatia upande wake kama wapishi wanaogombania kubeba chungu kizito. Hakuandika jina lolote.

"Kadi ya zamani mliyoisoma, ile iliyovimba, iko wapi?"

"Tulitupa," Bibiane alisema.

Lakini Dawudi alikuwa akitazama sakafu. Alipiga magoti kwa taabu, akaokota kile kipande kilichokunjwa kilichokuwa chini ya mguu wa kiti, akakikunjua. Kilikuwa kadi, yenye alama ya maji iliyozunguka kama ramani ya ziwa. Juu ukingoni wino ulisomeka bado: R, tena R, kisha L.

"Kiti chake kiriyumba," alisema kwa aibu. "Mtu akiyumba siku nzima, mgongo unakufa."

Okeny aliichukua kadi ile kwa ncha za vidole. "Bibiane, keti. Chukua kalamu. Dawudi, msomee kama ulivyomsomea siku ile, kwa sauti ile ile."

Dawudi alisafisha koo. "Ali. Mala ali. Mala eri."

Bibiane aliandika bila kusita. Okeny alikwenda nyuma ya bega lake akaangalia: L, L, R.

"Ulisomea wapi herufi?"

"Kwa masista, Butembo. Kwa Kifaransa."

"Masista walikufundisha R inaitwaje?"

"*Er*."

"Na wewe, Dawudi?"

"Kwa Kiingereza. Hii ni *ali*," akagusa R. "Hii ni *eri*," akagusa L.

Okeny aliketi. Miaka yote aliyokaa Kampala alikuwa akisikia Waganda wakimwambia *kalibu* na *kweri*, na hajawahi kuandika hilo katika jalada lolote. Ulimi wa Dawudi ulikuwa umeipa L mlio wa r, na R mlio wa l. Sikio la Bibiane lilisikia sawasawa kilichosemwa, likakipeleka kwa masista wa Butembo. Mmoja alisoma kweli. Mmoja alitoboa kweli. Katikati yao herufi mbili zikapishana mlangoni.

*Sikio halidanganywi*, Aloyo alikuwa amesema. Angemwambia jioni.

"Sikilizeni," alisema. "Kapteni akija, asiwepo mtu wa kusema *ni mimi*. Mkisema, atawachukua wote wawili na mwalimu juu. Nyinyi mtafanya nitakachowaomba, basi."

Akaomba simu.

*

Kapteni Anguzu aliingia na askari wawili, ambao aliwaacha mlangoni. Alikuwa mtu mrefu wa Nile Magharibi, mtaratibu wa mwendo, na hakuketi.

"Inspekta, mimi nilisema kituo. Wewe naniita juu ya mlima."

"Ushahidi uko hapa, afande. Ni mzito kubeba."

"Mimi nataka jina. Mtu moja." Alitabasamu bila furaha. "Ao wewe nalinda Mwacholi mwenzako?"

"Ndiyo sababu nimekuita. Sitaki taarifa hii iandikwe na mkono wangu. Naomba uiandike wewe, sehemu moja tu. Ikitoka kwa mkono wako, hakuna atakayesema Okeny amependelea."

Kapteni alimpima kwa macho. Kisha akavuta kiti cha Bibiane akaketi, kiti kikayumba, akashika kalamu.

"Huyu ni Dawudi, mtunza kabati. Atasoma kadi ya hesabu ya pipa, ile iliyo sahihi. Herufi tatu. Wewe andika unachosikia."

Dawudi alishika kadi yenye alama ya ziwa. Akasoma kama siku ile. "Ali. Mala ali. Mala eri."

Kapteni aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa mtu aliyejifunza ukubwani kwa bidii. Akausukuma mbele. L, L, R.

Okeny aliweka kadi ya zamani kando ya karatasi. Aliweka na kadi nyeupe upande wa pili, na akasubiri.

Kapteni alitazama kadi ya zamani, karatasi yake, kadi nyeupe. Akarudia. Bibiane alikuwa amejibana ukutani, kitambaa cha njano kimeloa jasho.

"Wewe," Kapteni alimwambia Dawudi. "Sema tena."

"Ali. Mala ali. Mala eri, ssebo."

"Onyesha kidole."

Dawudi alionyesha. R. R. L.

Kapteni aliegemea, kiti kikayumba tena. Okeny alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma. "Mvua iliingia kupitia paa. Kadi ziliharibika. Zikasomwa upya, zikaandikwa upya, na aliyeandika alisikia kama ulivyosikia, afande. Zikapimwa kwa vitu ambavyo upana na urefu ni sawa, kwa hiyo kosa likajificha. Mwalimu Onen aliazima, akapata upuuzi kabla ya bohari kupata. Mtu hatii mchanga kwenye kinu kisha akatwanga humo chakula chake. Na huyo Rijeli..."

"Rijili," Kapteni alisema.

"Afande?"

"Rijili ni mguu. Mwalimu wetu wa madrasa alitupiga fimbo mpaka tukajua." Alikuwa bado anaangalia mwandiko wake. "Nani aliandika kwenye jalada hii ni adui?"

"Haikutiwa sahihi."

Nje, mmoja wa askari alikohoa. Kapteni akashika kalamu, na Okeny akamwona akitafuta mahali pa kuanzia, kama mtu anayetafuta pa kuvukia.

"Bosi yangu nataka mkosaji," alisema hatimaye. "Karatasi haiwezi kwenda bila mkosaji."

"Najua."

"Kama naandika aliyesikia vibaya..." Hakumaliza. Karatasi yenye L mbili ilikuwa mbele yake, kwa mkono wake. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. "Mvua," alisema. "Andika mvua. Mvua haina kabila."

Okeny aliandika: *Mvua iliyopita kwenye paa bovu.* Kapteni akatia sahihi chini, kisha kwenye hati ya pili, ile ya kumwachilia mahabusu, ambayo Okeny alikuwa ameiandaa tangu jana bila kujua kama atathubutu kuitoa. Mlangoni Kapteni aligeuka, akamtazama Bibiane kwa mara ya kwanza.

"Mama, kiti yako mbaya. Tafuta kitu weka chini."

*

Ogutu alikuwa ameuweka muhogo uliobaki juu ya dirisha, umefunikwa kwa kofia yake. Onen aliumalizia njiani, akitembea kando ya Okeny kupanda kilima. Hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Alisema mchanga bado umo kinuni.

Alipoingia, Dawudi alimshika viganja, akaviona vilivyovimba, akavishika tena kwa ulaini zaidi. Bibiane alilia kidogo akiwa amegeukia mashine, kisha akafuta macho, akaweka kadi nyeupe.

"Nisomee," alisema. "Lakini si kwa herufi."

"Kwa njia gani basi?"

"Kwa kitu. Kitu nitajua."

Dawudi alifikiri. "L ya lumonde," alisema, na Onen akacheka, kwa sababu kila mtu Wandegeya anajua lumonde ni viazi vitamu.

"Na ile nyingine?"

Dawudi alifungua mdomo, akaufunga, akafikiri sana. "Kwa Kiganda hakuna neno linaloanza hivyo, nyabo. Hata moja."

"R ya Rijeli," Onen alisema.

Wakafanya hivyo. Rijeli, mara Rijeli, mara lumonde. Mashine ikatoboa. Kisha ile ya nyota. Dawudi alikataa kupima kwa Jua. Alisema Jua ni shahidi mzuri lakini halijui kutofautisha. Wakaweka pipa refu na jembamba. Wakaweka Rijeli. Karatasi ikatoka taratibu, mstari kwa mstari, na Onen akaisoma akiwa amesimama, akampa Okeny aone. Nyota ilikuwa imepata moto wake, mara mbili ya Jua.

Okeny alichukua kofia. Dawudi alikuwa ameshapiga magoti tena, anachomeka kipande kipya chini ya mguu wa kiti. Safari hii kilikuwa cha mbao.

"Afande," alisema kutoka chini, "kalibu tena."

"Kwa L ao kwa R?" Bibiane aliuliza.

"Kwa lumonde," Dawudi alisema, akainuka akijifuta magoti. "Jumamosi mke wangu anapika, nyumbani, hapa chini nyuma ya soko. Mwalimu atakuja, na huyu na mtoto wake. Na wewe uje, afande, uje na mama. Usije na jalada. Uje tu."